Posta Imenirudisha Nyuma Mlimani

Mjomba, nanyi nyote mnaosomewa barua hii hapo barazani, juzi basi la posta lilinirudisha nyuma mlimani, mbele za watu, na sheria iko upande wake.

Mkwe wako amenunua kampa: gari la Kijerumani la mwaka 1983, lenye vitanda, sinki na mapazia ya maua. Injini yake ni ya dizeli, cc 1600, nguvu za farasi 50, na imewekwa nyuma, kwa hiyo mlima ukianza unasikia manung'uniko kisogoni. Wewe uliyepandisha saruji mlima wa Kitonga utauliza: farasi 50 kwa mzigo wa karibu tani mbili? Ndiyo. Na kadiri unavyopanda hewa inapungua, na farasi nao wanapungua.

Mlima wenyewe ni Furka, hapa Uswisi. Barabara inaanzia kijiji cha Realp, mita 1,538, mpaka mita 2,429. Pale Realp kuna treni inayobeba magari na kuyapitisha tumboni mwa mlima, kwenye handaki la kilomita 15 lililofunguliwa mwaka 1982. Unaingiza gari behewani, unakaa kwenye usukani wako kama bwana harusi, unatokea ng'ambo. Mkwe wako akasema tulipie. Nikamwambia ukoo wetu haupandishwi mlima kwa treni.

Gia namba mbili ilishindwa kona ya kwanza. Tukabaki na namba moja, waendesha baiskeli wakitupita na kutupungia mkono. Geji ya joto ikapanda. Dawa yake ni kufungulia hita mpaka mwisho, ili joto la injini lihamie ndani. Basi mwezi wa saba, theluji imebaki kwenye miamba, sisi tukawa tunachemka kwa niaba ya rejeta. Nyuma yetu foleni, na hakuna aliyepiga honi! Hakuna aliyetoa kichwa dirishani kunitukana. Mjomba, ukimya ule ulinichoma kuliko hita. Kitonga wangekuwa wameshashuka vijana, wanabishana jiwe lipi liwekwe tairi gani, na mmoja ananiuliza kwetu ni wapi.

Ndipo ikalia honi ya sauti tatu. Sauti hizo zimetoka kwenye opera ya Rossini kuhusu William Tell, shujaa wao. Basi la manjano linashuka. Kwa kawaida huku, njia ikiwa nyembamba, anayeshuka ndiye humpisha anayepanda. Lakini ukiona kibao cha buluu chenye baragumu la manjano, ujue hiyo ni barabara ya posta ya milimani, na hapo dereva wa basi la posta ndiye serikali. Akikuashiria usimame, unasimama. Akikuashiria urudi, unarudi. Akaniashiria nirudi, kwa kidole kimoja, kwa adabu.

Foleni nzima ikaanza kurudi nyuma bila neno. Mimi breki yangu ya mkono ni ya kusindikiza tu. Mkwe wako akashuka na vigingi vyake vya plastiki, alivyonunua dukani wakati mlima umejaa mawe ya bure, akawa anafuata tairi: anaweka, anatoa, anafoka kwa Kijerumani cha kwao. Abiria, wazee wenye fimbo za kupandia milima, wakajaa madirishani kumtazama. Basi lilipopita dereva akainua mkono kushukuru. Sidhani kama alichelewa hata dakika.

Upande wa pili kuna barafu ya Rhône, unapoanzia mto wa jina hilo. Mjomba, barafu ile wameifunika mablanketi! Makubwa, meupe, ili jua la kiangazi lisiiyeyushe. Nilidhani hita imeniharibu akili. Wamefunika palipo na pango la watalii tu. Kwingine inayeyuka kama ile yetu ya Kilimanjaro. Mwambieni shangazi, lile blanketi alilonifungashia nikaliacha mlangoni, nalikumbuka. Huku hata mlima unafunikwa, mimi bado.

Tulishuka kwa namba mbili, breki zikinuka. Sasa mkwe wako anauliza: utingo wako wa Kitonga ulikuwa ukimlipa kwa siku au kwa safari? Nijibu kabla ya Jumamosi. Anataka tupande mlima mwingine, Grimsel, na ameapa kuwa bila malipo, vigingi nitaweka mwenyewe huku naendesha.