Ukuta Wako Unakunywa, Bosi

Bei haikunisumbua. Watu wakinisikia namlalamikia fundi rangi hudhani nalilia ile laki nne na nusu ya ufundi, vifaa juu yangu. Hapana. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, sebule na korido, hapa Tabata, sioni kama nilipigwa, na tena nilimshusha kutoka laki saba kwa maneno matamu na soda baridi. Kinachoniuma ni kumtafuta mtu ambaye pesa yangu tayari iko mfukoni mwake.

Chanzo ni posa. Binti yetu alileta habari kwamba kuna watu wanataka kuja kujitambulisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama yake akaziangalia kuta za sebule, kisha akaniangalia mimi.

"Baba watoto, hao wageni watakaa wapi?"

Nikasema kwenye makochi. Akasema hajauliza habari za makochi.

Ni kweli, kuta zilikuwa zimeishi. Nyuma ya kila kiti kulikuwa na alama ya kichwa cha mwenye kiti, chini chini kulikuwa na viganja vya kila mtoto aliyekulia humo, na kando ya swichi palikuwa na weusi wa miaka mingi ya kupapasa gizani umeme ukikatika. Miaka yote hiyo nimekaa mimi, baba mwenye nyumba, na hakuna aliyesema baba anastahili ukuta safi. Wanakuja watu wa kunywa soda na kuondoka, nyumba nzima inapakwa.

Fundi tulimpata kwa njia wanayopatia wote: shemeji wa jirani alisema, "Huyo jamaa ni hatari." Sikuuliza hatari kwa nani. Alikuja na ndala na simu mbili, akapita chumba kwa chumba akigonga kuta kwa kidole na kuguna. Nikamuuliza kama ana cheti cha VETA. "Bosi," akasema, "VETA imenikuta niko kazini." Sikuwa na la kuongeza, maana VETA wenyewe huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti.

Likaja suala la vifaa. Msasa, praima, wolputi, tina kwa ajili ya rangi ya mafuta ya milango, yote sawa. Kisha akataja ndoo nne za rangi ya maji, za lita 20 kila moja. Mimi hesabu za shule bado ninazo. Ukuta laini, lita moja inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 3, kina kuta za mita za mraba 45. Vyumba vitatu, weka sebule, weka korido, toa milango na madirisha, unabaki na kama 190. Piga kwa mikono miwili, ni lita 38. Ndoo mbili, na zinabaki lita za kufutia vidole vya wajukuu. Nilimwonyesha kwenye karatasi. Akaitazama kwa heshima zote, akanirudishia.

"Hiyo ni hesabu ya ukuta ulioandikwa kwenye ndoo, bosi. Ukuta wako unakunywa."

Sasa ukuta unaokunywa ni ule wa plasta mpya, haujawahi kuonja rangi. Huo utaumwagia mkono wa kwanza na utakuangalia kama hujafanya kitu. Lakini wangu umepakwa mara ngapi! Umeshashiba siku nyingi. Tulibishana mpaka mama watoto akaja kuona kama kuna ugomvi. Mwisho tukakubaliana tuanze na ndoo mbili, ya tatu ikihitajika itanunuliwa. Nikamhesabia nusu ya ufundi mkononi, akaitia kwenye soksi.

Rangi walichagua mama na binti kwenye kile kikadi cha dukani chenye vipande visivyozidi stempu. Sebule ikapewa nyeupe ya maziwa. Chumba cha binti kikapewa pichi. Onyo langu kwa wenye mabinti: rangi kwenye kadi haina nguvu, ila ukiipaka kuta nne zikaanza kurudishiana mwanga, inakomaa. Pichi yetu iligeuka juisi ya embe. Binti alisimama mlangoni akasema ndiyo rangi aliyoitaka, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hatakaa humo muda mrefu.

Siku ya kwanza fundi alifanya kazi ya kumvisha mtu taji. Alisogeza makochi katikati, akayafunika turubai, akaziba nyufa, akapiga msasa mpaka nyumba nzima ikawa na nyusi nyeupe. Kijana wake, anayeitwa Dogo ingawa ana ndevu, alitandaza magazeti sakafuni, na hapo ndipo saa zilipopotelea. Kila akiinama kuchovya brashi alikuta habari ya Simba na Yanga, tena ya usajili wa wachezaji walioshastaafu. Alikuwa anasoma hadi mwisho, anasogeza ndoo kutafuta inapoendelea ukurasa wa pili, akikuta ukurasa wa pili uko chini ya kabati anamwomba fundi wasaidiane kulinyanyua.

Milango ilitutia hofu kidogo. Ina rangi ya mafuta ya tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza, na Dogo alikuwa anaikwangua kavu, vumbi linaruka, mjukuu wetu anacheza papo hapo. Shemeji yangu ni muuguzi. Aliingia, akamnyanyua mtoto bila salamu. Rangi za zamani, akasema, huweza kuwa na risasi. Marekani walipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi tangu 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mlango uloweshwe kwanza ndipo ukwanguliwe, na mtoto aende kwa jirani. Fundi akamjibu kwamba vumbi hilo amelivuta tangu ujana na yuko salama kabisa, akataka kuendelea kusema, kikohozi kikamkatiza. Mlango ukaloweshwa.

Kisha akapotea.

Kupotea kwa fundi hakufanani na kupotea kwa mtu mwingine, maana simu anapokea. Unapiga saa mbili asubuhi: "Nipo njiani, bosi." Unapiga saa nne: "Nimekwama foleni Ubungo, bosi." Unapiga mchana, anakuambia yuko hapo kona, na nyuma ya sauti yake unasikia kitu: kwaru, kwaru, kwaru. Msasa. Anakwangua ukuta wa mtu mwingine huku anakuambia yuko kona! Nasi tumelala familia nzima katika chumba kimoja, makochi yako chini ya turubai, na nguo za kazini zinatafutwa kwa tochi.

Aliporudi alirudi na uso wa mtu aliyefiwa, kwa hiyo huwezi hata kugomba. Akapaka korido. Ukuta wa korido unapakana na bafu, na pale chini rangi ilikuwa imevimba, ukiibonyeza inamwaga unga mweupe. Nikamwambia hiyo ni chumvi. Bomba linavuja ndani, maji yanapita kwenye tofali, yanabeba chumvi hadi nje, maji yanakauka na chumvi inabaki inaisukuma rangi. Bila kuziba bomba na kuuacha ukuta ukauke, hata upake nini ni bure. Akasema, "Hiyo ni hali ya hewa ya Dar tu, bosi," akapiga wolputi, akapiga rangi, akalainisha kwa kiganja. Haikupita wiki uvimbe ukarudi, safari hii na ndugu zake. Fundi bomba nitamsema siku nyingine, naye ana safu yake.

Ndoo mbili zikaisha, kama alivyosema. Nilitaka kujua zimeishaje, nikaambiwa tena habari za ukuta kunywa. Ndoo ya tatu ikanunuliwa, ikachanganywa kwa namba ileile, na bado haikufanana na zile mbili. Fundi mwenye akili hukusanya ndoo zote akazichanganya kwenye pipa moja kabla ya kuanza, ili tofauti ipotelee humo. Wetu alipaka mpaka pale zilipoishia, akaendelea kutoka hapo. Juu ya televisheni kuna mpaka kati ya maziwa freshi na maziwa mgando.

Siku hiyohiyo, akiwa juu ya ngazi, simu yake mojawapo ikaita juu ya turubai. "Bosi, nipokelee, mikono ina rangi." Jina lililotokea ni Mama Goba. Nikapokea.

"Wewe nani?" akauliza mama wa watu.

"Mimi ni mwenye nyumba anapofanya kazi fundi."

"Ooh! Wewe ndiye tajiri mpya?"

"Nadhani ni mimi."

"Baba, Mungu akubariki. Kwangu alikwama tangu masika. Nilivyosikia amepata kazi mpya Tabata nikajua sasa atakuja. Na kweli amekuja, amenimalizia. Mwambie asahau tu kale ka-dari ka jikoni, nimeshasamehe."

Nilikaa juu ya ndoo. Fundi alipoteremka nikampa ujumbe wake, na hakuona aibu hata chembe. Alichukua chapati yake, kwa sababu hela ya kula nayo iko juu yangu, akanifafanulia utaratibu. Advansi ya mtu inalipa kodi ya chumba na ada ya shule. Ikiisha, fundi hana nauli wala brashi ya kuja kumalizia. Nauli na brashi zinatoka kwenye advansi ya nyumba inayofuata. Goba ilimaliziwa kwa pesa yangu. Nikamuuliza, ile nusu ya mwisho je, si ndiyo ya kukimbilia? Akacheka mpaka akaweka chapati chini.

"Bosi, siku ya mwisho ndiyo tajiri anapata macho. Anaona kila tone. Anasema hapa hujapaka vizuri, njoo Ijumaa. Ijumaa amesafiri. Mimi nusu ya mwisho nikiipata namshukuru Mungu, sijaipangia matumizi."

Nilitaka kumbishia, nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilikuwa nimezunguka sebuleni na daftari, nahesabu matone.

Jumamosi ikafika, mpaka uko pale pale juu ya televisheni. Mama watoto akauficha kwa kitambaa cha kufuma na saa ya ukutani iliyokufa. Milango ilikuwa imepakwa Ijumaa usiku, na rangi ya mafuta kwenye unyevu wa Dar haikauki kwa sababu una wageni. Tuliwaonya wote walioingia, isipokuwa mshenga, kwa kuwa yeye aliingia anaongea. Alisimama mlangoni, akaegemea fremu, akaeleza kwa utulivu kwamba wameona ua zuri katika bustani hii. Alipotoka pale, kanzu yake nyeupe ilikuwa na mstari wa kahawia kutoka bega hadi kiunoni. Shangazi wa kijana aliuona. Mke wangu aliuona. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, akasahau jibu alilofundishwa.

Mshenga akajigeuza, akajitazama, akaigusa fremu kwa ncha ya kidole.

"Mmepaka karibuni," akasema. "Kazi nzuri. Fundi wenu ni nani? Maana na sisi tuna nyumba ya kupaka kabla ya harusi."

Mke wangu akapaliwa na soda. Mimi nikasimama mwenyewe, nikatafuta kalamu, nikamwandikia namba zote mbili kwa mwandiko wa kusomeka. Nikamwambia jamaa ni hatari.

Jumatatu wakampa advansi. Jumanne saa moja asubuhi fundi alikuwa mlangoni kwangu, ana rola mpya na rangi inayofanana na ukuta. Kwa wakwe ameahidi Ijumaa.