Kikao cha Tano, Sehemu ya Hamsini na Moja

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Majadiliano ya Mkataba wa Plastiki, Umoja wa Mataifa

Lamu, Agosti 2075

Waheshimiwa,

Sisi wavuvi wa Lamu tunawapongeza kwa kufungua sehemu ya hamsini na moja ya kikao cha tano. Wazee walitusimulia kwamba azimio lilipitishwa Nairobi mwaka 2022, na mkataba ulitakiwa uwe tayari mwisho wa 2024. Busan ukashindikana. Geneva, Agosti 2025, ukashindikana tena. Lakini hamkukubali kufika kikao cha sita; mkaanza kukikata cha tano vipande. Hiyo ndiyo busara.

Huku kwetu mambo yamenyooka. Zamani kasa alikufa kwa kumeza mfuko akidhani ni konyeza. Ajali hizo zimekoma, kwani konyeza hawapo, na kasa nao hawapo. Kaskazi ikivuma tunavua chupa, kusi ikivuma tunavua vizibo vyake. Mavuno hayaozi, kwa hiyo barafu hatununui tena. Mwaka 2018 mafundi wa hapa walimaliza kuunda jahazi la plastiki iliyookotwa, wakalivika kandambili za rangi zote, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Watu walilishangaa! Leo majahazi yote ndivyo yalivyo, na kinachoshangaza ni boriti moja ya mkoko iliyofungiwa kwenye kabati la kioo. Watoto wa shule hulipa kuitazama.

Punda tu ndio wakaidi. Wanatafuna mifuko tangu enzi za kikao cha kwanza, na hadi leo hawajajifunza kuishi nayo tumboni.

Tunasikia bado mnabishana kama viwanda vipunguze kuzalisha au sisi tuokote kwa bidii zaidi. Mataifa yenye mafuta yanapenda tuokote. Basi tunaokota tangu alfajiri, na maji yakijaa yanaturudishia chupa zote, pamoja na riba. Na kwa kuwa kwenu hakipiti kitu mpaka wote wakubali, mmoja akikohoa tu, kifungu kinarudi ndani ya mabano. Siku hizi mabano ndiyo viumbe pekee tunaosikia wanazaliana vizuri.

Ombi letu ni hili: kifungu cha kupunguza uzalishaji kipigiwe kura, wengi wakishinda kipite. Atakayekataa aje Lamu atueleze sababu. Chupa ya maji asibebe, atachagua hapa.

Wenu,
Wavuvi wa chupa, Lamu