Kupanga Raundi za Wikiendi Bila Kuwachosha Wachezaji Hadi Kufa

Chukua karatasi, kalamu na kikokotoo. Kikokotoo usikisahau, kwa sababu mashindano mengi ya sataranji ya wikiendi huharibika mezani kwa mwandaaji, wiki kadhaa kabla mtu hajagusa kete, na huharibika kwa kosa la kujumlisha ambalo mtoto wa darasa la nne asingelifanya.

Hatua ya kwanza ni kujitibu ugonjwa wa raundi saba. Karibu kila mwandaaji mpya anao. Raundi nne anaziona za kimaskini, hazipendezi kwenye bango. Basi anapanga nne Jumamosi na tatu Jumapili, na kwa kuwa ndivyo wanavyocheza wakubwa, kila mchezaji anampa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Ratiba ya namna hiyo inastahili kuchekwa hadharani. Aliyeiandika atakuwa ameketi kwenye kiti chenye mto siku nzima, na atakayeilipia ni binti wa darasa la sita aliyepanda basi kutoka Morogoro alfajiri, ambaye saa 3 usiku bado anatakiwa kukumbuka farasi wake amesimama wapi.

Hesabu yenyewe ni hii. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, hupima urefu wa mchezo kwa kuchukulia kuwa kila upande utacheza hatua 60. Dakika 90 na sekunde 30 kwa hatua hufika dakika 120 kwa mchezaji, yaani saa 4 kwa meza moja. Raundi nne ni saa 16, bila chakula, bila swala, bila kwenda msalani. Ukishusha hadi dakika 60 na sekunde 30, kila mmoja anapata dakika 90 na meza inamaliza kwa saa 3. Lakini hatua 60 ni makadirio, na wachezaji hawayasomi makadirio. Wapo watakaobaki na mfalme, ngome na askari mmoja wakasukumana hadi hatua ya 100, na hapo hata mchezo huu mfupi hufika saa 3 na dakika 40. Panga kwa ajili ya hao. Mwandaaji anayepanga kwa kutazama meza zinazomaliza kwa dakika 50 anajidanganya kweupe.

Sababu ya kuwatazama wa mwisho ni mfumo wenyewe. Mashindano ya wikiendi huchezwa kwa mfumo wa Uswisi, uliotumika mara ya kwanza Zürich mwaka 1895: wenye pointi sawa hukutanishwa, na hakuna anayekutana na mpinzani yule yule mara mbili. Uzuri wake ni kwamba watu wengi hucheza kwa raundi chache na hakuna anayetolewa. Gharama yake ni kwamba raundi inayofuata haiwezi kupangwa ipasavyo mpaka meza ya mwisho itoe matokeo. Programu ya kompyuta itapanga wapinzani kwa sekunde chache, ila haiwezi kumaliza mchezo wa watu wawili wanaopigania nusu pointi. Ukiacha pengo la nusu saa tu kati ya raundi, meza moja itauchelewesha ukumbi mzima, na kufikia jioni ratiba yako itakuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Sasa chagua idadi ya raundi. Raundi nne zinatosha kutoa mshindi mmoja asiyepoteza hata nusu pointi katika kundi la watu 16, raundi tano watu 32, raundi sita watu 64. Ukiwa na wachezaji 45, usikimbilie raundi sita. Gawa makundi matatu kwa viwango vyao, kila kundi raundi nne. Mchezaji anayeanza atapata michezo minne anayoweza kuishindania, badala ya kukatwa shingo na bingwa wa mkoa asubuhi ya kwanza. Najua wapo watakaosema wamelipa kiingilio na wanataka michezo mingi. Michezo minne waliyoifikiria ina thamani kuliko saba ambayo mitatu ya mwisho waliicheza wakisinzia, na yeyote aliyewahi kutazama karatasi za kuandikia hatua za raundi ya usiku, mwandiko ukiteleza na malkia wakitolewa bure, anajua hivyo.

Kama raundi saba ni lazima, fanya mashindano ya mchezo wa kasi. Dakika 25 na sekunde 10 kwa hatua humpa kila mchezaji dakika 35, meza inamaliza kwa dakika 70, na raundi saba zinaingia ndani ya siku mbili bila mtu kuumia. Na kama unataka matokeo yahesabiwe kwenye viwango vya FIDE vya mchezo mrefu, soma kanuni kabla ya kwenda kuchapa bango, maana kiwango cha chini cha muda hubadilika kulingana na nguvu ya wachezaji.

Ratiba ninayoitetea ni hii, kwa dakika 60 na sekunde 30. Jumamosi, raundi ya kwanza saa 3:00 asubuhi na ya pili saa 8:00 mchana. Jumapili, raundi ya tatu saa 3:00 asubuhi na ya nne saa 7:30 mchana. Hata mchezo mrefu wa asubuhi utakuwa umekwisha kabla ya saa 7, adhuhuri itaswaliwa kwa utulivu, watu watakula. Raundi ya pili inakwisha alasiri ingali na wakati wake, kabla jua halijatua. Waendao ibada ya kwanza ya Jumapili watawahi meza zao bila kukimbia. Na Jumapili jioni zawadi zitatolewa kukiwa bado mwanga, watoto warudi nyumbani, kesho yake ni shule. Ukiongeza raundi ya tatu Jumamosi jioni, itakatiza magharibi, itawakuta watu wamechoka, na umeme ukikatika utakuwa na ukumbi wa watu 45 wanaomulika kete kwa simu wasizoruhusiwa kuziwasha.

Ratiba ni shuka fupi: ukivuta kichwani, miguu inabaki nje. Hii yangu inawaacha nje Wasabato, ambao kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua hawachezi. Kuwapa nusu pointi mbili za raundi wasizocheza ni bora kuliko kuwapa sifuri, lakini haitoshi. Mara moja kwa mwaka panga Jumapili na Jumatatu ya sikukuu, uwatangazie mapema. Mambo haya huamuliwa kabla ya kiingilio kulipwa. Mwaka 1967 huko Sousse, Tunisia, katika mashindano ya kufuzu kuwania ubingwa wa dunia, Bobby Fischer na Samuel Reshevsky wote wawili hawakucheza siku ya Sabato. Waandaaji wakahamisha michezo huku na kule, Fischer akajikuta anacheza mfululizo bila mapumziko, ugomvi ukazuka, naye akajitoa akiwa anaongoza. Kama ratiba iliweza kumtoa Fischer, itawatoa wengi kwenye ukumbi wa shule yako.

Tunakuja kwa mgeni rasmi. Huyu ndiye adui mkubwa wa raundi ya kwanza katika nchi zetu. Kadi imeandikwa saa 3:00, yeye anafika saa 4:40, anasalimiana na meza kuu, anazungumzia umuhimu wa michezo kwa vijana huku vijana wenyewe wamekaa mbele ya kete zaidi ya saa nzima na nusu wakikatazwa kucheza. Kisha anapigwa picha akisogeza askari wa mfalme hatua tatu mbele. Mheshimu mgeni wako kwa kumweka kwenye ufungaji, mwambie saa 11:30 jioni Jumapili, ampe mshindi kikombe na aseme atakayo. Raundi ya kwanza ifunguliwe na mwamuzi kwa sentensi mbili na saa zibonyezwe.

Kuhusu wachelewaji, andika kwenye tangazo muda ambao mtu asipotokea amepoteza mchezo. Usipoandika, sheria za FIDE zinauchukulia kuwa sifuri, na mchezaji aliyekwama kwenye foleni ya daladala ana haki ya kukasirika akiisikia sheria hiyo mara ya kwanza mlangoni. Dakika 30 zinatosha. Na andika "saa 8:00 mchana", neno "mchana" likiwepo, maana tarakimu peke yake imeshawaleta watu asubuhi.

Chakula nacho ni sehemu ya ratiba. Katwe, Kampala, Robert Katende alipokuwa akiwafundisha sataranji watoto wa mtaa ule, aliwapa na uji. Kutoka darasa hilo alitoka Phiona Mutesi, aliyeiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010. Wewe mwenye ukumbi na wafadhili huna udhuru. Mtafute mama ntilie mapema, mpe idadi ya watu na saa, mwambie wali na maharage viwe tayari saa 6:30, meza za mwanzo zitakuwa zimeanza kumaliza.

Ratiba ikishabandikwa ukutani, iache. Jumapili itafika saa 6:00, meza zote zitakuwa zimemaliza mapema, na mtu mmoja mwenye haraka ya kuwahi mpira atapendekeza raundi ya nne ianze saa 6:30 badala ya 7:30. Wengine watapiga makofi. Kataa. Yupo aliyekwenda kuswali, yupo aliyekwenda kulala kidogo kwa shangazi yake mtaa wa pili, na wote waliondoka kwa sababu uliwaandikia 7:30.