Dola za Kulala Akheri

Mtu wa Levolosi akikuambia anakwenda likizo, usimwulize wapi. Anakwenda kwao. Atapanda Hiace na sukari, mafuta ya kupikia na mkate wa mjini, atalala kwenye kitanda ambacho mtoto fulani kahamishwa kwa ajili yake, na siku ya kurudi atapakia ndizi mpaka konda anune. Bili hakuna. Ndiyo maana mke wangu alipotangaza wakati wa chakula kwamba safari hii tutakodi nyumba ya mapumziko, mama yangu aliweka kijiko chini akauliza: "Kwani hapa tumefukuzwa?"

Chanzo ni simu. Mke wangu alikuwa amezama kwenye picha za nyumba za mawe za kusini mwa Ufaransa, zile zenye madirisha ya buluu na mashamba ya lavenda. Akatusomea kwamba wenye nyumba wa vijijini huko wana umoja wao tangu 1955, Gîtes de France. Vijana walipohamia mjini, nyumba za mababu zikabaki tupu, wenyewe wakazikarabati na kuwapangisha watu wa mjini wakati wa likizo. Mama alisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza taarifa ya mapato na matumizi ya usharika.

"Yaani mtu anakimbia kijiji, halafu analipa kurudi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hao ndio waliotutangulia kuendelea."

Nauli ya Ufaransa hatuna. Tukaanza kushuka ngazi: Zanzibar, Lushoto, hatimaye Akheri, juu ya Tengeru, kilomita kumi na kitu kutoka mlangoni kwetu. Picha zilikuwa na baraza la mbao, mahali pa kuotea moto sebuleni, na Mlima Meru mzima, mita zake 4,566 zote, nyuma ya bomba la moshi. Bei kwa dola. Mlima huohuo tunauona bure tukianika nguo, lakini inaonekana ukisogelewa unapanda thamani.

Tatizo ni kwamba Akheri ni kwao mama. Kaka yake anakaa ng'ambo ya korongo. Ukikohoa barazani anajua una mafua. Kulala kwa kulipa mbele ya macho yake, alisema mama, ni kumtangazia mtu kanisani kwamba vitanda vyake vina kunguni. Akakubali kwenda kwa sharti moja: tuingie kimya.

Tukaenda Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru. Mama alikuwa amejitanda kitenge mpaka machoni, jambo ambalo baridi ya mwezi wa saba inaliruhusu kabisa. Hatujavuka barabara, sauti ikatoka nyuma ya mafungu ya parachichi: "Hee, dada! Nani anakudai?"

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Ilikuja na faili la masharti. Watu wasizidi sita. Kelele mwisho saa nne usiku. Maji ya moto yanatoka kwenye pipa la nje linalochochewa kwa kuni, kwa hiyo atakayetaka kuoga asubuhi aamke na majogoo. Shuka mje nazo. Mke wangu akatetea kwamba hata Ufaransa nyumba nyingi za namna hii mgeni huja na shuka zake. Mama akasema basi yeye amekuwa akienda Ufaransa miaka yote, kila penye msiba.

Usiku wa kwanza, wali ukiwa nusu ya kuiva kwenye jiko la umeme, LUKU ikaisha. Mita ilikuwa ndani ya kisanduku chenye kufuli, mwenye nyumba yuko Ulaya. Tukampigia mtunza nyumba. Akaja na tochi mdomoni, akafungua kisanduku, akageuka kuomba tokeni, mwanga ukamwangukia mama. Tochi ikamtoka.

"Shikamoo shangazi!"

Mtoto wa binamu yake. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na mimi nilikuwa nikizisoma mbilimbili.

"Saba, nne," nikasema.

"Mama yako mguu unaendeleaje?" akauliza mama gizani.

"Saba, nne, unaendelea vizuri shangazi, wameufungua juzi."

"Tisa, mbili."

"Na ile kesi ya mpaka?"

Mita ikakataa. Tukaanza upya, na tulipofika kwenye mauzo ya ng'ombe ikakataa tena. Wali tuliula ukiwa na kiini.

Jumapili baada ya ibada mjomba alikuwa getini na jogoo kwapani. Akazunguka nyumba nzima, akagonga mbao, akafungua bomba, akalifunga.

"Dada, hii nyumba ya nani?"

Mama, mzee wa kanisa, hakupepesa jicho. "Ya rafiki yake mkwe wako. Kasafiri, katuomba tumwangalizie."

"Bure?"

"Bure."

Mtunza nyumba alikuwa akikagua viatu vyake. Neno bure halilali njaa Umeruni. Kufikia Jumanne, kikao cha harusi ya binti wa mjomba kilikuwa kimehamia barazani kwetu, kwa sababu sebule yao ni finyu. Vikaja viti vya plastiki, ndoo ya loshoro na katibu mwenye daftari la ahadi. Mke wangu akajikaza, akamwonyesha mwenyekiti lile faili. Mwenyekiti akaliomba lisomwe kwa sauti. Sharti la saa nne likasomwa, wajumbe wakalipitisha bila kupingwa, kisha wakaendelea na mjadala wa keki mpaka saa sita.

Mlima hatukuuona. Wingu lilikaa pale kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima. Tuliporudi Levolosi, mke wangu akianika zile shuka, Meru ukajitokeza wote juu ya mabati ya jirani. Akaupiga picha, akaiweka kwenye simu; shoga zake wakauliza nyumba hiyo inakodishwa bei gani.

Mwenye nyumba alituandikia kwamba tulikuwa wageni safi sana, ila viti vimeongezeka.

Viti ndivyo vilivyomfanya mjomba apige simu. Viti, na swali dogo: yule rafiki atasafiri tena Desemba? Harusi ni baada ya Krismasi na wageni wa Dar hawana pa kulala. Mama akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia mke wangu.

"Hebu muulize rafiki yako," akanong'ona, "Desemba ni dola ngapi."