Usianze na G: Mwongozo wa Injini ya Roketi kwa Wanshomile wa Bukoba na Muleba

Roketi ya mfano yenye nguvu ya kati ni chombo cha karatasi ngumu, plastiki na mbao nyepesi, kisichozidi kilo moja na nusu, kinachopaa mita mia kadhaa na kurudi chini kwa mwavuli. Injini yake ni ya namna mbili: ya kutumia mara moja ukatupa, na ya kujazwa upya, yaani ganda la alumini linalodumu miaka na kijazo kinachobadilishwa kila safari. Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili. Umeandikwa kwa wanshomile, yaani wasomi: walimu wa fizikia na vijana wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, na umeandikwa dhidi ya mtu mmoja anayepatikana kila mahali: yule anayefungua orodha ya injini akaanza kuisoma kutoka chini, kwenye herufi kubwa kuliko zote. Tumwite Bwana G.

Hatua ya kwanza: soma jina la injini mpaka mwisho

Chukua kijazo cha kampuni ya AeroTech kinachoitwa F52-8T. Herufi ya mwanzo inaeleza nguvu ya jumla. E ni niutoni-sekunde 20 hadi 40, F ni 40 hadi 80, G ni 80 hadi 160. Kila herufi inaweza kufika mara mbili ya iliyoitangulia. Tarakimu 52 ni wastani wa msukumo kwa niutoni. Nane ni sekunde za kusubiri tangu fueli iishe hadi mwavuli ufyatuliwe. T ni aina ya fueli, yenye mwali wa buluu na msukumo wa haraka. Ukikuta W, tarajia moshi mweupe mwingi. Ukikuta J, moshi mweusi na msukumo wa taratibu.

Bwana G husoma herufi ya kwanza tu. Ukimuuliza ile nane ni ya nini, atakujibu kuwa ni toleo la nane. Mtu huyo asipewe kiwashio.

Hatua ya pili: pima uwanja kabla ya kupima ujasiri

Kanuni za usalama za chama cha warusha roketi za mfano cha Marekani, NAR, zinataka uwanja wa mita 300 hivi kwa upande ulio mfupi kuanzia injini za E hadi G. Kwa hiyo uwanja wa mpira wa Kaitaba hautoshi, hata ukiahidiwa jukwaa zima. Kibanja ndiyo kabisa: roketi ikishukia kati ya migomba na mibuni, utaitafuta kwa majirani wa pande nne, na mmoja wao atakuwa amekwisha kuwapa watoto mwavuli wake.

Kagera ina jibu lake, nalo ni rweya. Nyika zile za majani kati ya kijiji na kijiji, zilizozoea ng'ombe na wakata majani, ndizo viwanja vyenye nafasi na anga wazi. Bukoba mjini iache. Uwanja wa ndege uko mjini, kando ya ziwa, na mji ulioshuhudia watu 19 wakifa katika ajali ya ndege ya Precision Air tarehe 6 Novemba 2022 hauhitaji kuhubiriwa kwa nini rubani anastahili anga tupu.

Sasa piga hesabu. Mwavuli wa kawaida hushusha roketi mita 5 hivi kwa sekunde. Ikifyatuliwa mita 250 juu, itakaa hewani sekunde 50. Upepo wa mita 4 kwa sekunde utaisogeza mita 200. Ikifyatuliwa mita 600 juu, itakaa sekunde 120 na kusogea mita 480, na hapo umekwisha kutoka kwenye rweya yako. Hesabu hii ya darasani ndiyo inayochagua herufi. Uwanja wa mita 300 na roketi nyepesi ni kazi ya E au F ndogo. Mchana upepo hutoka ziwani kuingia bara, basi simika fimbo ya kurushia upande wa ziwani, ili uwanja wote ubaki mbele ya roketi.

Hatua ya tatu: peleka roketi kwenye mizani

Pima roketi ikiwa kamili: injini ndani, mwavuli umekunjwa, rangi imekauka. Rangi ina uzito, na roketi ya shule iliyopakwa bendera ya taifa, nembo ya shule na majina ya kamati nzima ina uzito zaidi. Kisha zidisha kilo zake kwa 9.8, halafu kwa 5. Jibu ni msukumo unaohitajika, kwa niutoni, ili chombo kitoke kwenye fimbo kikiwa na kasi ya kutosha mapezi yake yakiongoze.

Ukigeuza hesabu hiyo, F40 inafaa roketi ya gramu 800 hivi, F52 ya kilo moja, G64 ya kilo 1.3. Ukipachika injini dhaifu kwenye roketi nzito, itatoka kwenye fimbo kwa uvivu, itageukia upepo na kuruka kwa ubavu kuelekea ng'ombe. Ukipachika G64 kwenye roketi ya gramu 500, itapotea mawinguni na utarudi nyumbani na fimbo. Makosa yote mawili hufanywa na Bwana G, tena wiki moja.

Hatua ya nne: tafuta sekunde zako

Kichelewesho kizuri, yaani zile sekunde za kusubiri kwenye jina la injini, hufyatua mwavuli roketi ikiwa karibu na kilele, pale inapokaribia kusimama. Ukifyatuka mapema, kasi huchana kitambaa na kukata kamba. Ukichelewa, roketi huwa imekwisha kugeuza pua kuelekea chini. Hapa usibahatishe. Tumia OpenRocket, programu ya bure iliyoanza kama tasnifu ya Sampo Niskanen, mwanafunzi wa Finland, mwaka 2009. Chora roketi yako ndani yake, chagua kijazo, nayo itakuonyesha kilele, kasi ya kutoka kwenye fimbo na sekunde zinazofaa.

Usisahau kuingiza mwinuko wa uwanja. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, na nyanda za Kamachumu ziko juu zaidi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo roketi hupanda zaidi kidogo na kilele huchelewa. Anayenakili namba za mtu wa pwani anarusha roketi ya pwani.

Hatua ya tano: nunua ganda moja, ulitunze

Ganda la AeroTech liitwalo 29/40-120 lina kipenyo cha milimita 29 na hupokea vijazo vya niutoni-sekunde 40 hadi 120. Humo huingia F40, F52 na, siku ikifika, G64. Ganda dogo la 24/40 hupokea vijazo kama E18, E28 na F39. Roketi yenye bomba la milimita 29 inaweza kutumia yote mawili, kwa kuongeza pete ya kupunguzia nafasi.

Ganda moja hugharimu sawa na vijazo kadhaa. Mtu anayetaka kurusha mara mbili kwa mwaka anunue injini za kutupa na asione haya. Ganda linaanza kulipa pale klabu ya shule inapolitumia kwa zamu, muhula baada ya muhula. Ndani yake kuna fueli, bomba la kuzuia joto, oringi, nozeli, kichelewesho na baruti kidogo ya kufyatulia mwavuli. Kila kimoja kina mahali pake, na karatasi ya maelekezo ndiyo bosi. Oringi moja ikisahaulika, moto hupita pasipo pake na ganda huungua. Baada ya kurusha, safisha masizi siku hiyo hiyo, paka grisi oringi za kazi inayofuata, na hakikisha roketi ina kishikizo cha kuzuia ganda lisichomoke angani. Alumini iliyoangukia kwenye majani marefu haiiti jina lako.

Fueli usichanganye mwenyewe. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha JKUAT huko Juja, Kenya, wenye mradi wa roketi uitwao Nakuja, hutengeneza injini zao. Lakini wana maabara, wahadhiri na mahali pa kupimia injini ardhini kabla ya kuirusha. Sufuria ya mama yako si maabara.

Hatua ya sita: subiri siku yake

Juni hadi Agosti mvua hupungua na anga hufunguka, lakini majani ya rweya hukauka. Fyeka na usafishe mahali pa kurushia, weka bamba la chuma chini ya nozeli, na uwe na maji na matawi mabichi ya kuzimia moto. Usirushe kuelekea mawinguni, wala upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa. Watu wakae mita 9 au zaidi kutoka kwenye fimbo. Kiwashio kikigoma, tenganisha betri na usubiri dakika nzima kabla ya kusogea. Bwana G huisogelea roketi iliyogoma akiwa ameinama, uso mbele. Mzuieni kwa mikono.

Hatua ya saba: ongea na watu kwanza

Kijazo ni bidhaa ya hatari. Hakibebwi kwenye begi la ndege ya abiria, na nchi yetu ina Sheria ya Baruti tangu mwaka 1963. Kabla ya kuagiza chochote, shule iulize kwa maandishi wasimamizi wa baruti upande wa madini, na iulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu anga la eneo lake. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na polisi.

Usiishie ofisini. Mkoa huu ulipitia Vita vya Kagera dhidi ya Uganda mwaka 1978 na 1979, na wazee wake hawajasahau silaha za wakati ule, yakiwemo makombora ambayo Waganda waliyapa jina la Saba Saba. Mlio wa ghafla angani una maana kwao ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu hawezi kuikisia. Pita nyumba kwa nyumba siku moja kabla, sema shikamoo, eleza, na uwaalike. Mzee aliyealikwa atakuja na kiti chake.

Uamuzi

Kwa klabu ya shule ya Bukoba au Muleba inayoanza leo: roketi ya gramu 700 hivi yenye bomba la milimita 29, ganda moja la 29/40-120, kijazo cha F40, na kichelewesho kilichotokana na hesabu zenu wenyewe. G isubiri mpaka kila mwanachama aweze kueleza ubaoni kwa nini F inatosha. Walimu, anzeni na mizani na OpenRocket muhula huu, kwa sababu havihitaji kibali cha mtu. Injini sahihi ni ile ndogo kuliko zote inayoiinua roketi yako salama na kuirudisha ndani ya rweya uliyoombea ruhusa.