Julai ya Dar, kutoka saba hadi moja

Mwezi wa saba unaisha leo, na mambo yaliyonifurahisha ni saba. Nayahesabu kwa kurudi nyuma, bingwa asubiri mwishoni. Mwenye orodha yake akae mkao wa kubishana.

7. Shuka

Kipupwe kimetimiza ahadi. Usiku joto la Dar es Salaam limeshuka hadi kama nyuzi 19, feni zimepumzika, na umeme wa LUKU niliokuwa nikiumaliza kwa wiki mbili sasa unagusa wiki ya tatu. Ndugu zangu wa Njombe, mnaoamka na sakitu kwenye majani, nawasikia: "Baridi gani hiyo?" Baridi ya shuka moja, jamani! Tuachieni tuifaidi, Januari tutaoga jasho nyinyi mkiwa ndani ya masweta.

6. Chungwa la Muheza

Ni msimu wake. Muuzaji anamenya na ganda linashuka kama utepe mmoja mrefu, halafu anakata kofia juu na kukukabidhi. La kwanza unanunua kwa kiu, la pili kwa uroho, la tatu ni haki yako. Na akitokea mgeni akalikataa kwa sababu ganda ni la kijani, mwelezeni kwa upole: pwani usiku hauna baridi ya kulibadilisha rangi, lakini ndani limeiva kabisa. Akiendelea kukataa, msimbembeleze. La kwake lina walaji.

5. Tarehe saba

TANU ilizaliwa siku hiyo mwaka 1954, na tangu 2022 dunia nayo huadhimisha Kiswahili tarehe hiyohiyo. Waliokwenda kwenye maonesho ya biashara Barabara ya Kilwa walirudi na mifuko mikononi na miguu inayouma. Mimi nililala hadi saa mbili asubuhi, nikaamka nikinusa chai ya tangawizi ya nyumba ya pili. Kila mtu na maadhimisho yake.

4. Kahawa ya kijiweni

Muuza kahawa unamsikia kabla hujamwona: vikombe vinagongana, ti-ti-ti, na watu wanasogeza benchi. Kikombe kimoja kichungu, kashata moja, na ubishi usio na bei. Julai ligi imelala, ila mashabiki ndio hawalali, maana ni wakati wa usajili. Mchezaji hajashuka uwanja wa ndege, kijiweni ameshafunga mabao 20 na ameshaumia goti. Jioni moja mzee wa Yanga akakumbusha kwamba klabu yake ni ya 1935 na Simba ni ya 1936. "Kwa hiyo mkitukuta njiani, shikamoo." Mzee wa Simba akapuliza kahawa yake taratibu. "Shikamoo tunatoa," akasema, "kombe ndilo hatutoi." Hata wacheza drafti waliacha kete zao wakacheka. Nilikunywa vikombe vitano siku hiyo, na sijutii hata kimoja.

3. Kusi kivukoni

Dakika chache tu kati ya Magogoni na Kigamboni. Simama ubavuni, acha upepo uliokuwa ukirudisha majahazi Arabuni ukupige usoni. Mwenye kofia aishike.

2. Muhogo wa ufukwe wa Coco

Jumapili alasiri, maji yamekupwa, watoto wanakimbiza mpira kwenye mchanga mgumu. Muhogo umekaangwa ukapasuka, kachumbari juu, pilipili pembeni. Ukiulizwa "Niweke pilipili kiasi gani?" usijibu kishujaa, bahari ipo karibu, lakini maji yake hayanyweki.

1. Bakuli

Hili ndilo bingwa, na sipokei rufaa. Wiki ya kwanza ya mwezi mama jirani alinitumia mtoto na bakuli la bluu lenye mbaazi za nazi, mbaazi mpya za msimu, na maandazi manne yamefunikwa kwa kitambaa. Uswahilini bakuli halirudi tupu, kwa hiyo lilirudi na machungwa. Siku mbili baadaye likaja na samaki wa kupaka. Nikalirudisha na wali wa maharage. Likaja na visheti. Hapo nikajua nimeingia mashindano na mpishi aliyenitangulia miaka 30 jikoni. Nilipomwambia, "Mama, umenishinda," akanijibu, "Mwanangu, nani kasema tumemaliza?"

Mtoto wake naye amepata faida: kila safari ya bakuli hupita mkononi mwake, na maandazi yanayotoka manne hufika matatu. Namwona mdomo unavyong'aa mafuta, namshukuru, namwacha aende. Ushuru wa njiani huo, halali yake.

Leo ni tarehe 31. Bakuli liko kwangu, na nazi imeshakunwa.