Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: Nyumbu Nao Waseme Kiswahili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: SHUKRANI KWA JIONI YA JUMAMOSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la kituo chako nimeliacha kwa makusudi, ili kila mkurugenzi atakayeisoma barua hii akahisi joto ajue ameandikiwa yeye.

Mimi ni mtazamaji wa Tandika, mwenye king'amuzi kilicholipiwa na televisheni ya inchi 32 ambayo kona yake moja ina wingu la zambarau tangu mwanangu alipoipiga kwa mpira. Nyumbani tupo saba na rimoti moja. Rimoti hiyo inalala chini ya mto wa mama mkwe wangu. Kwa hiyo nikiandika "tulitazama", elewa kwamba tulitazamishwa.

Jumamosi iliyopita tulianza saa kumi na mbili na katuni ya paka na panya, wasiosema neno. Ndicho kipindi pekee cha jioni ile ambacho nyumba nzima ilikielewa sawasawa. Ukafuata muziki, watoto wakacheza, mama mkwe akafumba macho mpaka mabinti wa kwenye video wapate nguo. Kisha akaja bwana mmoja mwenye koti jeupe na chupa ya mizizi. Chupa ile, kwa maelezo yake, inaondoa kisukari, presha, mkosi wa biashara na tabia ya mume kuchelewa kurudi. Wakati wa kutaja mume, mama mkwe alifumbua jicho moja akaniangalia.

Saa moja na nusu tukaingia kasri la Istanbul. Hapo, Mheshimiwa, naomba tukae kidogo.

Kwanza nakupongeza. Wale Waturuki wako wanasema Kiswahili fasaha kuliko watangazaji wako wa asubuhi. Wanajua ngeli, wanajua "la hasha", na mmoja aliapa Wallahi huku midomo yake ikiwa bado imefumba. Waziri mkuu wa sultani ana sauti ya yule bwana anayetangaza sabuni ya unga, kwa hiyo alipotoa hukumu ya kunyonga watu watatu, sebule nzima tulijisikia tumetakata. Sidharau kazi ya kutia sauti. Tamthilia ya Kichina ya "Doudou na Mama Wakwe Zake" ilipoonyeshwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, mambo yalifika mbali: Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Rais wa taifa kubwa namna ile, kwenye ziara yake ya kwanza ya urais barani Afrika, anazungumzia ugomvi wa mke na wakwe! Basi usinielewe vibaya.

Taabu yangu ni ndogo na ya kinyumbani. Tamthilia ile ya Istanbul ina mabusu, nami nakaa sebule moja na mama mkwe. Unajua adabu zetu. Busu likikaribia, mimi huondoka kwenda kunywa maji. Nimekunywa maji mengi mno tangu sultani huyo aoe.

Mama mkwe wangu anawajua masuria wote wa Istanbul kwa majina, kwa watoto na kwa fitina zao. Si kosa lake. Zanzibar walipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri mpaka miaka ya 1990, anafidia. Nikamuuliza, kwa heshima zote, "Mama, na kasri la Mtoni unalijua?"

"Mtoni kwa Aziz Ali?" akaniuliza. "Pale pana kasri?"

Mheshimiwa, Mtoni ninayoisema ni ya Unguja, mwendo wa boti kutoka hapa, na magofu ya kasri bado yamesimama. Humo alizaliwa Salme binti Said mwaka 1844, mtoto wa Sultani Seyyid Said. Mama yake alikuwa suria Mcherkesi, kwa hiyo hata ukisema watazamaji wanataka wanawake wa kutoka kule kule walikotoka masuria wa Istanbul, wamo. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na miaka kama kumi na mitano, kalamu hiyo ikamfanya karani wa njama ya kaka yake Barghash ya kumpindua kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa kwenye kiti. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Binti akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, akabeba mimba, na usiku mmoja wa mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza. Aden akabatizwa, akaolewa, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu na baridi.

Ndugu wawili wanaugombea ufalme, karani ni dada yao, na manowari inasubiri gizani. Mturuki angekuuzia hiyo kwa misimu minne, nawe ungelipa kwa dola.

Nilimsimulia mama mkwe wakati wa matangazo. Alinisikiliza vizuri sana, akauliza inaonyeshwa saa ngapi.

Saa mbili kamili ikaja taarifa ya habari. Nimehesabu wageni rasmi wanne, tepe tatu zilizokatwa na choo kimoja cha matundu sita kilichozinduliwa kwa ngoma. Sina neno. Mtaa wetu ulionekana mara moja mwaka huu, maji yalipoingia majumbani, na jirani yangu akapata sekunde nne akiwa amejitwika godoro. Mpaka leo anaitwa Mzee Godoro, naye ameukubali umaarufu.

Mpira uliofuata ulikatwa-katwa na matangazo ya kubashiri. Onyo la kucheza kwa kiasi lilisomwa mbio mbio, kama msomaji anafukuzwa na mbwa. Kwenye shindano la vipaji kijana mmoja aliimba kwa Kiswahili kizuri, jaji akamjibu kwa Kiingereza, kijana akatabasamu, akidhani amesifiwa. Alikuwa ametolewa.

Saa tano, watoto wamelala, ikaja makala ya wanyama. Serengeti! Nyumbu kwa maelfu wanajitupa mto Mara, mamba wanasubiri, na msimulizi ni Mwingereza anayenong'ona kama yuko msibani. Mama mkwe akasogea mbele.

"Baba Shabani, anasema nini huyo?"

"Anasema nyumbu wanavuka mto, mama."

"Hilo naliona. Maneno yote yale ni hilo tu?"

Kiingereza changu kilikuwa kimefika ukingoni pamoja na wale nyumbu. Akatikisa kichwa. "Mturuki anasema Kiswahili. Nyumbu wetu wanasema Kiingereza."

Sikuwa na jibu, ndiyo maana nakuandikia. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambaye ndege yake ilianguka huku mwaka 1959, walipiga filamu ya Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar; hiyo ilikuwa kwa Kijerumani, na tuwasamehe, walikuwa Wajerumani. Wewe ni mtu wa hapa.

Najua utaniambia bajeti, na kwamba kununua tamthilia ya nje ni rahisi kuliko kutengeneza yako. Nakubali. Basi Salme aendelee kukaa Hamburg kwa sasa. Mimi naomba dakika hamsini tu za nyumbu, zitiwe sauti. Mtu wa kazi hiyo unaye: yule bwana wa sabuni, akimaliza kunyonga watu saa mbili kasoro, hana shughuli mpaka kesho yake.

Ndimi mtazamishwa wako mtiifu,
Baba Shabani, Tandika.

Nakala: Mama mkwe, chini ya mto.